Mshipi wa Mama Msamba

Ukitaka kumuudhi Mama Msamba, mwambie kwamba mtoto anaweza kujifunza kubinuka bila mshipi wake. Mengine yote atakusamehe kabla jua halijazama. Mkanyage mguu, mcheleweshee mshahara, msengenye hata mbele ya mumewe, atanuna kidogo kisha yaishe. Lakini mshipi wake usiuguse.

Aliushona mwenyewe. Mchana alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, na jioni alikuwa kocha wa jimnastiki katika ghala la zamani la saruji, ambalo mpaka leo ukipiga kofi ukutani vumbi linakujibu. Mshipi ulikuwa wa turubai nene, wenye kitanzi cha kushikia kila upande wa kiuno. Mtoto akianza kujifunza kubinuka kinyumenyume, Mama Msamba alimfunga mshipi, akapitisha mkono mmoja kwenye kitanzi, wa pili akauweka chini ya mgongo, akasema, "Nipo. Ruka." Mtoto akaruka. Na tangu aanze kazi ile hakuna mtoto aliyetua kwa kitu kingine ila nyayo zake. Jambo hilo alilisema kwenye vikao vya wazazi, alilisema kazini, alimwambia hata kinyozi wa jirani ambaye hana mtoto.

Jina alipewa na watoto wa zamani, kwa kuwa enzi zake aliweza kupiga msamba, miguu imepanuka mpaka chini, popote, hata kwenye foleni ya maji, ndoo ikiwa kichwani. Siku hizi goti la kulia lilikuwa limegoma. Msamba ulibaki kwenye jina.

Kati ya watoto wote wa ukumbini, mmoja alikuwa wake wa nyumbani. Huyo aliitwa Panzi, binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajaota meno. Panzi alimwita mama mkubwa, na mume wa Mama Msamba alimwita baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mizaha, ndiye aliyeunda vyuma vyote vya ukumbini pamoja na miguu ya boriti, ule mti mrefu mwembamba ambao wasichana hutembea na kubinuka juu yake. Panzi alipanda boriti ile kabla hajajua kufunga viatu. Mkono uliokuwa chini ya mgongo wake siku zote ulikuwa mmoja, nanyi mnaujua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Msamba alimpokea mgeni, na hapo ndipo alipoanza kuugua.

Mgeni aliletwa na chama cha michezo kutoka nchi ya mbali, akae mwaka mzima, wabadilishane ujuzi na makocha wa hapa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi za pembeni na mabega ya mbeba magunia. Lugha alikuwa na maneno machache tu, "asante", "tena", "vizuri" na "polepole", na hayo nayo yalihitaji mkalimani. Mwenyekiti wa klabu alimtambulisha, watu wakapiga makofi, na Mama Msamba akampa mkono kwa moyo safi kabisa. Hata msumari wa kutundikia koti lake alimwonyesha yeye.

Kesho yake Mgeni aliwakusanya watoto mbele ya magodoro, akasimama wima, akafumba macho, akajiachia chali. Pu! Watoto wakaruka kwa hofu. Mgeni akainuka anacheka, akawaonyesha kwa mikono: kidevu kifuani, usiidake sakafu kwa viganja, mgongo uwe duara, jiviringishe mpaka usimame. Kisha akawaita mmoja mmoja waanguke. Walianguka mbele, wakaanguka nyuma, wakaanguka kutoka juu ya boksi, kila mmoja akidai zamu nyingine. Kelele za furaha zilimtoa mlinzi getini kuja kuchungulia.

Mama Msamba alisimama kando, mshipi begani. Amewafundisha miaka nenda rudi wasianguke, na huyu amepanda ndege kuja kuwafundisha kuanguka!

"Kuanguka nako kuna mwalimu?" alimwuliza mwenyekiti. "Mbona walevi wanajua bila kufundishwa?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Alidhani ni mzaha.

Tuseme ukweli, maana kuficha hakusaidii: ulikuwa wivu. Nao haukumshika kwa sababu ya mambo makubwa. Ungemshika kwa makubwa angeuona unakuja, angepigana nao. Ulimshika jikoni, jioni moja, Panzi anaosha sahani. Mtoto alimaliza, akakung'uta mikono, akaviinua viganja vyake na kuvipuliza, fuu, fuu, kama anavyofanya Mgeni akishapaka chaki ya kuzuia kuteleza. Mama Msamba aliona, na kitu kikamchoma chini ya titi la kushoto.

"Unapuliza nini?"

"Nini, mama mkubwa?"

"Mikononi hapo. Kuna moto?"

Panzi hakujua kama amepuliza. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Mezani ikawa ni Kocha Mgeni huku na Kocha Mgeni kule. Kocha Mgeni anasema shingo ikilegea mgongo haupati ujumbe. Kocha Mgeni anasema woga ni rafiki, usimfukuze, mkalishe pembeni.

"Anasema kwa lugha gani hayo yote?" Mama Msamba aliuliza.

"Kwa mikono, mama mkubwa."

"Basi huyo ni hodari," baba mkubwa akadakia, mdomo umejaa chakula. "Mimi nina lugha na mikono juu yake, na humu ndani sisikilizwi."

Panzi alicheka. Mama Msamba hakucheka, kwa sababu na huyu mume naye alikuwa amemwona akimtii Mgeni. Mguu mmoja wa boriti ulikuwa ukicheza tangu mwaka jana, na kila akimwomba aukaze aliambiwa kesho, keshokutwa, mashine ya kuchomelea imeharibika. Mgeni alinyoosha kidole mara moja tu, na jioni ile ile fundi alikuwa amepiga magoti ukumbini, cheche zinaruka, boriti imetulia tuli.

"Mashine imepona?" Mama Msamba alimwuliza njiani.

"Yule mtu ni mgeni, mke wangu. Tusijiaibishe."

"Na mimi mwenyeji nianguke nayo?"

"Wewe huangushi wala huanguki, si ndivyo unavyotuambia?" alisema mzee, kisha akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Hebu nikuulize. Yule mama akikusalimu unamchekea, lakini unacheka kwa meno tu. Amekukosea nini?"

Angejibu nini? Kwamba mtoto amepuliza viganja?

Siku moja Mgeni alimfuata baada ya mazoezi. Akaugusa mshipi kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akakisifu kitanzi kwa kutikisa kichwa. Kisha akajionyesha kifuani, akaionyesha mikono ya Mama Msamba, akafanya ishara ya kushika na kuinua. Alikuwa anaomba afundishwe. Hata kuku angeelewa.

"Sielewi," Mama Msamba alisema. Akaukunja mshipi, akautia mkobani. Tangu siku ile mshipi haukulala tena ukumbini. Ulilala nyumbani, chini ya godoro, kama hati ya kiwanja.

Ndipo yakaja mashindano ya vilabu. Mwenyekiti alitangaza kwamba Panzi ndiye atakayepanda boriti kwa niaba yao, na kwamba kwa sheria za mashindano kocha mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kusimama kando ya boriti. Wengine wote benchi. Nani atasimama, ataamua yeye baada ya kumwona mtoto akijaribiwa.

Mama Msamba alisikia maneno yale hadi kwenye goti bovu. Kumlea amlee yeye, kumbeba ambebe yeye, halafu siku ya watu wote kutazama akae benchi na mkoba mapajani? Usiku ule mumewe alikoroma peke yake.

Siku ya majaribio mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameikunja. Panzi alitakiwa amalize zoezi la boriti kwa kubinuka kinyumenyume na kutua chini kwenye godoro. Alikuwa ameshafanya hivyo bila mshipi mara nyingi, Mgeni akiwa pembeni. Mama Msamba alijua, watoto walishamwambia. Hata hivyo alimfunga mshipi.

"Mama mkubwa, siuhitaji."

"Nani kasema?"

Panzi akaigeukia boriti. Akapanda. Akatembea juu ya boriti, akageuka, akafika mwisho, akasimama akilipa godoro mgongo. Mama Msamba alikuwa kando yake, mkono kwenye kitanzi. Akafungua mdomo aseme "Nipo," kama siku zote.

Panzi hakumtazama. Alimtazama Mgeni, aliyesimama mbali karibu na ukuta. Mgeni akamwitikia kwa kichwa kidogo tu, na mtoto akaruka.

Mkono uliokuwa kwenye kitanzi ukavuta. Hakuuambia uvute. Katika kazi ile mkono hungoja mwili upande, uusindikize, usiurudishe, na yeye alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini mtoto alikuwa anakwenda, na mkono ukamrudisha. Panzi alipinda hewani, akakosa godoro la kutulia, akaja chini kwa bega.

Kisha kidevu kikaenda kifuani. Viganja havikudaka sakafu. Mgongo ukawa duara, mtoto akajiviringisha mara moja, mara ya pili, akasimama wima karibu na kiti cha mwenyekiti, nywele zimejaa vumbi la saruji, mzima wa afya.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Mgeni alikuwa ameshafika, anamkagua mtoto shingo, bega, kiwiko. Kisha aliinua macho akaangalia kitanzi, akaangalia mkono uliokuwa bado umefumbwa ndani yake, maana Mama Msamba alikuwa amebaki na mshipi, umechomoka kiunoni. Mtu wa kazi ile haambiwi kilichotokea. Mgeni aliona, akajua, akayageuza macho yake kwa mtoto bila neno. Mama Msamba aliona heri angetukanwa.

"Ameteleza," mwenyekiti alisema. "Bahati nzuri."

Njiani kurudi nyumbani Panzi alitembea mbele, mkoba mgongoni. Karibu na mlango akasimama.

"Mama mkubwa, sikuteleza."

"Najua."

"Ulinivuta."

"Najua, mwanangu."

Panzi alimngoja aendelee. Mama Msamba akabisha hodi. Baba mkubwa aliwafungulia mlango, akafungua na kinywa atoe mzaha wake, akaziona nyuso zao, akaurudisha. Jioni ile walikaa mezani. Mama Msamba alitafuna jambo moja tu: mtoto wake angevunjika shingo mikononi mwake mwenyewe, na kilichomwokoa ni somo la kuanguka, lile lile alilolidhihaki kwa mfano wa walevi.

Kesho yake alifika ukumbini mapema kuliko kawaida. Mgeni alikuwa peke yake, anafagia. Mama Msamba alitoa mshipi mkobani, akamkabidhi. Kabla Mgeni hajajua aushike vipi, yeye akaenda mbele ya magodoro, akasimama, mgongo umeyaelekea. Akajionyesha kifuani. Akaonyesha chini.

Mgeni alimtazama goti, akasita. "Polepole?" aliuliza.

"Polepole, dada. Mimi si panzi."

Kuanguka ni kazi, nyie. Mwili wa mtu mzima umezoea kujilinda, haukubali kuachiliwa. Mara ya kwanza alikaa kitako. Mara ya pili alidaka kwa viganja, akapigwa kikofi cha mkono. Watoto walianza kuingia wakati wa mara ya nne au ya tano, wakamkuta kocha wao amelala chali, sketi imezunguka, anaangalia mabati ya paa. Wakabana vicheko mpaka wakatokwa machozi. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kidevu kifuani, kocha," na hapo hakuna aliyecheka tena, kwa kuwa wote walikuwa wanataka aweze. Akaweza.

Baada ya hapo ikawa zamu ya mshipi. Alimpitisha Mgeni mkono kwenye kitanzi, akamwekea wa pili mahali pake, akamfundisha kungoja mwili upande. Alimfundisha na neno lenyewe. "Nipo," Mgeni alisema, vibaya mara ya kwanza, vizuri mara ya pili. Mtoto mdogo kuliko wote aliruka, akatua kwa nyayo, kicheko mpaka masikioni. Mgeni alikuwa ameipata kazi ile kwa siku moja. Siku moja! Mama Msamba, aliyehangaika nayo ujana wake wote, alipiga makofi pamoja na wengine, na ndani alisema maneno ambayo hatutayaandika hapa. Msidhani wivu hufa kwa kuanguka chali mara tano.

Siku ya mashindano ukumbi ulikuwa mkubwa, taa kali, viti vimejaa watu. Mwenyekiti alikuja na kitambulisho kimoja cha kocha, kinaning'inia kwenye kamba. Tangu ile siku ya majaribio hakuwa ametamka lolote kuhusu nani atasimama, na sasa alimtazama Mama Msamba, akamtazama Mgeni, akafanya ujanja wa viongozi.

"Mtoto achague," alisema.

Mama Msamba akapiga moyo konde. "Chagua bila kuniogopa," alimwambia Panzi. "Ukimtaka yeye, mimi nitakushangilia kutoka benchi." Na alimaanisha, ingawa kila neno lilitoka kama jino.

Panzi alikuwa anapaka chaki. Akafikiri. "Nataka usimame wewe, mama mkubwa," alisema. "Lakini usinishike."

Ndiyo sheria yenyewe ilivyokuwa: kocha akimgusa mchezaji, alama zinakatwa, asimguse ila akiona hatari. Lakini Panzi hakuwa anazungumzia alama, na mama yake mkubwa alilijua hilo. Akavaa kitambulisho.

Akasimama kando ya boriti, mikono mitupu. Panzi akapanda. Alitembea vizuri, akageuka vizuri, na katikati ya boriti mguu mmoja ukayumba. Watu wakavuta pumzi. Mkono wa Mama Msamba ukainuka peke yake, kama siku ile. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaubana tumboni, akauma midomo. Alimwachia. Panzi akayumba, akajikusanya, akasimama. Akafika mwisho. Safari hii alimtazama yeye.

"Nipo," Mama Msamba alisema, mikono bado tumboni.

Mtoto akaruka, akabinuka, akatua. Hatua moja ndogo nyuma, kisha wima. Nyayo zote mbili.

Ukumbi ukalipuka. Panzi alimrukia shingoni nusura amwangushe, na Mama Msamba akamkumbatia mtoto wake mbele ya watu wote, kama alivyoota kila usiku mwezi mzima. Ushindi ulikuwa wake. Nao ulikuwa mtamu, hata kabla alama hazijatangazwa.

Ndipo, juu ya bega la mtoto, akaliona benchi. Mgeni alikuwa amesimama, anapiga makofi kuliko mtu yeyote, uso mzima ni kicheko. Lakini Mama Msamba akatazama tena, maana kicheko kile alikifahamu. Alikuwa amekivaa miezi mingi. Mgeni alikuwa anacheka kwa meno tu. Mkono wake mmoja, akiacha kupiga makofi, ulikuwa unajifumba na kujifumbua hewani, mahali ambapo kitanzi kingekuwa.

Kumbe na huyu! Ametoka nchi ya mbali, kashuka kwenye ndege na maneno manne, kumbe wivu aliokuja nao ni huu huu wa kwetu, hauna tofauti hata ya uzi. Mama Msamba alisikia huruma ya ghafla, na chini ya huruma, tusimfiche, akasikia raha kidogo.

Akamshika Panzi mabega, akamgeuza.

"Nenda kwa mwenzangu," alisema. "Anakungoja."

Panzi akakimbia. Mgeni alifungua mikono, akamdaka, akamwinua juu, na sasa kicheko kikafika machoni. Mama Msamba alibaki peke yake kando ya boriti, kitambulisho kifuani, akiwatazama. Alifurahi kweli kweli. Lakini pia aliona, maana macho hayana pazia, kwamba mtoto alikaa katika mikono ile muda mrefu kuliko alivyokaa katika yake.